Redio ndani ya santuri ya Bibi



Najua, najua. Kimya kimekuwa kirefu mno. Mama mdogo ameshaniuliza kwenye simu kama huku kuandika kumepigwa marufuku. Hakuna kilichopigwa marufuku, ni zamu za usiku tu, na joto hili ambalo hata likipungua bado kwetu lingeitwa joto. Leo nina mapumziko ya siku mbili, nimelala saa tisa mfululizo, nimepika wali wa nazi, na sasa naandika. Habari yenyewe ni ndefu. Inaanzia sebuleni kwa jirani yangu hapa Al Khuwair na inapitia Bombay ya mwaka 1928, kwa hiyo kila mmoja achukue chai yake kwanza.

Jirani yangu huyu ni bibi wa miaka themanini na kitu. Simtaji jina, ameniruhusu kuandika kwa sharti hilo. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akatoka kisiwani mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, mwali aliyeolewa hata mwaka haujaisha. Akakaa Mombasa karibu miaka kumi. Halafu akaja Oman, kama walivyokuja wengi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi. Watu husema "walirudi", lakini Bibi mwenyewe hucheka: "Nilirudi wapi mwanangu, na Muscat nilikuwa sijaiona hata kwenye picha?" Tulijuana kwenye lifti. Alinisikia nikiongea na mama kwenye simu, akanishika mkono na kuniuliza, "Wewe wa wapi?" Tangu siku hiyo sijakosa kahawa na halua.

Bibi ana sanduku la bati lenye sahani za santuri. Nimezihesabu, ziko kumi na saba. Nyingine ni zile nzito nyeusi za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, za Siti binti Saad na za Misri. Nyingine ni ndogo za mara 45, alizonunua Mombasa enzi zile duka la Assanand likitoa santuri za taarab kwa jina la Mzuri, enzi za kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Sanduku hilo limepita Unguja, Mombasa na Muscat, na kwa miaka mingi lilikaa tu chini ya kitanda kwa sababu mashine ya kuzipigia ilishakufa.

Basi mwaka jana mjukuu wake akamletea zawadi. Ni kijana mpole, anafanya kazi benki. Kiswahili anakielewa lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiarabu. Alinunua mashine mpya ya kupigia sahani yenye mwendo wa aina zote tatu, akaiunga kwenye amplifaya ya zamani ya marehemu babu yake na spika mbili kubwa. Nikaitwa nami, maana Bibi alitaka "mtu wa kusikia maneno".

Akachagua sahani ya Siti. Kwanza ule mkaango, shhhh, kama samaki kwenye mafuta. Kisha fidla, kisha sauti yenyewe. Bibi akafumba macho. Mimi nikasisimka mwili mzima, sitawaficha.

Halafu chini ya ile sauti ikaanza kusikika nyingine. Sauti ya mwanamume, mbali lakini safi kabisa, anasoma Kurani. Siti anaimba habari za mapenzi, na msomaji anasoma aya, zote mbili kwenye spika moja.

Bibi akafumbua macho. "Zima," akasema. Mjukuu akazima. Bibi akakaa kimya, mkono unatetemeka, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Sahani hizo zitoeni. Sizitaki tena ndani. Nimeonywa."

Sikujua nijibu nini. Kumwambia mtu mzima kwamba Mungu hakuwa anamwonya si kazi ya muuguzi, wala si adabu. Nikasema tu, "Bibi, nipe wiki moja. Usizitoe kwanza." Akaniangalia sana. "Wiki moja," akasema.

Sasa swali langu likawa hili: redio imeingiaje kwenye santuri? Pale hapakuwa na redio. Amplifaya ile haina hata sehemu ya kutafutia stesheni. Nikaanza kusoma kila nilipopata nafasi, na ndiyo historia ninayotaka kuwasimulia.

Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, ya silinda. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner akaleta wazo la sahani bapa, na hiyo ndiyo gramafoni waliyoijua mababu zetu. Mashine ya nyumbani ya wakati ule haikuwa na umeme hata chembe. Unaizungusha kwa mkono, springi inajikaza, sahani inazunguka, sindano inatikiswa na mfereji wa sahani, mtikisiko unakwenda kwenye ngozi nyembamba ya madini, na pembe inaikuza sauti. Basi.

Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeanza maisha kwa kufinyanga na kuuza vyungu, alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, pamoja na wenzake akina Subeti bin Ambar na Mbaruk wa Mombasa. Shaaban Robert, wa Tanga kwetu, ndiye aliyeandika wasifu wake. Sahani hizo ziliposhuka Unguja na pwani nzima, watu walizipiga kwenye mashine za kuzungusha kwa mkono. Mashine ile ungeweza kuiweka chini kabisa ya mnara wa redio na isingesikia kitu. Haikuwa na sikio la redio.

Redio yenyewe ilikuja baadaye. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Mwaka 1954 Redio Cairo ikaanza matangazo ya Kiswahili, na mwaka 1957 BBC nayo ikaanza. Bibi anakumbuka watu wakijaa kwenye mkahawa wenye redio, na Alhamisi ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya Umm Kulthum kutoka Cairo. Huku Oman redio ya taifa ilianza Julai 1970, miaka 19 baada ya Unguja! Kwa hiyo wale waliotoka Afrika miaka ya mwanzo ya sabini walikuja katika nchi ambayo redio yake ilikuwa changa kuliko ya kisiwa walichokiacha. Tangu hapo minara ikawa mingi. Hata BBC kwa miaka mingi walikuwa na mitambo mikubwa ya masafa ya kati kisiwani Masirah, kabla ya kuihamishia bara.

Sasa, wakati redio inaingia majumbani, santuri nayo ikabadilika. Badala ya sindano kutikisa pembe, ikawa inazalisha umeme mdogo sana, na umeme huo unakuzwa na valvu, baadaye transista, iliyovumbuliwa Desemba 1947. Zikaja zile kabati kubwa za mbao zenye redio na santuri pamoja, wazee wetu waliita redio-gramu. Amplifaya moja, spika zilezile. Hapo ndipo santuri ilipopata sikio la redio bila mtu kukusudia.

Nitaeleza kwa lugha yangu, mafundi mnisamehe. Kichwa cha sindano cha mashine ya kawaida kinatoa kama milivolti 5. Ni umeme kidogo mno. Amplifaya inaukuza mara mia kwanza, halafu tena, mpaka spika iweze kutikisika. Lakini amplifaya haina akili ya kuchagua. Chochote kilichopanda kwenye waya pamoja na Siti nacho kitakuzwa. Na waya mrefu kutoka kwenye mashine hadi kwenye amplifaya, huo ni antena kamili.

Mtaniuliza, lakini mawimbi ya redio si mpaka yatafsiriwe ndiyo yawe sauti? Kweli. Wimbi la masafa ya kati linapanda na kushuka maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na ukubwa wake ndio unaofuata sauti ya msemaji. Kupanda na kushuka vinafutana, sikio halipati kitu. Ila ukipata kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka kwa nje pekee, nusu ya wimbi inabaki na sauti inajitokeza. Mhindi Jagadish Chandra Bose alipata hataza Marekani mwaka 1904 kwa kutumia jiwe la madini kufanya kazi hiyo. Askari wa Vita vya Pili walitengeneza redio kwa wembe na risasi ya penseli. Transista inaweza kuifanya. Hata pini iliyoshika kutu inaweza! Amplifaya ya marehemu babu ilikuwa na vyote viwili, transista na kutu.

Na ninyi mmeshawahi kuusikia ukoo wa jambo hili. Mnakumbuka ule mlio wa tititi-tititi kwenye spika ya redio, simu ikiwa karibu, sekunde mbili kabla haijalia? Sisi watoto tulikuwa tunasema "simu inakuja!" Ni jambo lilelile.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu usiku, kwa sababu kumbe ugonjwa huu naujua. Wodini tunapima umeme wa moyo, ile ECG. Moyo ukifika kwenye ngozi unatoa kama milivolti 1 tu. Mara nyingi mstari unaotoka unakuwa na nywele-nywele, mnene kama umechorwa na mtu anayetetemeka. Muuguzi mgeni anaogopa, anaita daktari. Muuguzi mzoefu anaangalia kwanza: kibandiko kimekauka? Ngozi ina mafuta? Waya wa mgonjwa umelala juu ya waya wa kitanda cha umeme? Tunasafisha ngozi, tunabadilisha kibandiko, tunatenganisha waya, na mstari unatulia. Moyo haukuwa na tatizo. Nimewahi kumwona mgonjwa akilia kwa kuuona mstari kama ule, akidhani ndio mwisho wake, kumbe ni chaja ya simu ya mwanawe.

Jumamosi nikarudi kwa Bibi na mjukuu wake, tukafanya kama tunavyofanya kwa mgonjwa.

Kwanza uchunguzi. Tulipiga amplifaya kwa kuchagua njia nyingine isiyo ya santuri: kimya. Tukarudi kwenye santuri: msomaji yupo, hata sahani ikiwa haizunguki. Tukapunguza sauti taratibu mpaka chini: msomaji naye akapungua mpaka akatoweka. Hiyo ni dalili muhimu. Angebaki palepale wakati sauti imeshushwa, tungejua anaingilia nyuma, pengine kwenye waya za spika. Kwa kuwa alishuka pamoja na santuri, aliingilia mbele, kwenye mashine au waya wake.

Pili, tukachomoa kila kitu kwenye umeme na kuangalia waya. Ule mwembamba wa ardhi, unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye skrubu nyuma ya amplifaya, ulikuwa unaning'inia haujafungwa popote. Kijana hakujua kazi yake. Tukaufunga. Tulipowasha, ule mvumo wa chini uliokuwepo siku zote ukakatika. Msomaji bado yupo.

Tatu, kutu. Tukazima tena. Nikachukua pamba na spiriti nikasafisha pini zote na matundu yake, pamba ikatoka ya kijani. Msomaji akawa mbali zaidi, kama yuko nyumba ya pili. Bibi, aliyekuwa amekaa amegeuka kidogo kama mtu ambaye habari hii haimhusu, akasema, "Mmh."

Hapa nikiri kosa. Kwa furaha nikashika sahani ya Siti nikitaka kuifuta nayo kwa ile spiriti, kama ninavyofuta ngozi kabla ya sindano. Mjukuu ndiye aliyenizuia, alikuwa amesoma mahali. Sahani za kale zimetengenezwa kwa laki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na spiriti inayeyusha laki. Ningefuta sauti ya Siti kwa mkono wangu mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka natoka jasho. Ndiye huyohuyo aliyetukumbusha pia kwamba sahani za mara 78 zina mfereji mpana na zinataka sindano yake, si ile ya sahani za kisasa. Hiyo akaiagiza.

Nne, tukaenda Ruwi kwa fundi mmoja mzee wa Kerala. Duka lake ni dogo kiasi kwamba mteja wa pili anasubiri nje. Alisikiliza, akatikisa kichwa kile cha Kihindi, ndiyo na hapana kwa pamoja. Akatupa waya mfupi wa mita moja wenye ngao ya kusuka ndani yake, badala ya ule wa mita tatu. Akatupa na pete mbili nyeusi za feraiti, zile mnazoziona kama uvimbe kwenye waya za kompyuta. Ukizungusha waya ndani ya pete mara tatu nne, karibu na unapoingilia kwenye amplifaya, pete inazuia mawimbi ya redio na kuiachia sauti ya kawaida ipite. Amplifaya tukamwachia siku mbili. Akalehemu kapasita ndogo mbili, moja kila upande, za kuyapeleka mawimbi ya redio ardhini kabla hayajakuzwa. Hiyo msijaribu wenyewe nyumbani, tafadhali. Ndani ya amplifaya kuna umeme unaoweza kukaa hata baada ya kuchomoa. Mimi nawajua wanaoletwa kwetu baada ya "kujaribu kidogo".

Siku ya saba ikafika. Tukaunga kila kitu, waya za santuri mbali na waya za umeme, kifaa cha intaneti tukakihamishia koridoni. Mjukuu akapandisha sauti bila sahani. Kimya. Akapandisha tena. Kimya, ila pumzi ya amplifaya tu.

Nikamweleza Bibi yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Kwamba msomaji yule alikuwa anasomea kwenye kituo chake, kwa watu wake, na sauti yake ilikuwa inapita hewani humu sebuleni usiku na mchana, hata sanduku likiwa chini ya kitanda. Kwamba sisi ndio tulioacha waya wazi na pini zenye kutu, akaingia. Sikumwambia afanye nini.

Akauliza swali moja tu. "Na ile santuri ya mama, ya kuzungusha, isingemsikia?"

"Isingemsikia, Bibi."

Akafikiri. "Basi mama aliimaliza kwa raha." Kisha akamwambia mjukuu, "Weka."

Siti akaimba peke yake. Sahani ilipoisha, mjukuu akauliza neno moja lina maana gani, na akaliuliza kwa Kiswahili. Bibi akamweleza. Akauliza la pili. Wimbo wa dakika tatu ukachukua saa nzima, sindano inanyanyuliwa na kurudishwa, na mimi nikaaga bila wao kugundua maana nilikuwa na zamu.

Siku hizi Bibi ana redio yake ndogo kando ya kitanda. Alfajiri baada ya kusali anamsikiliza msomaji, alasiri anapiga santuri. "Kila mtu kwake," ananiambia.

Haya, sasa sababu ya kuwaandikia yote haya. Baba mdogo, zile sahani za marehemu babu zilizoko uvunguni pale Chumbageni, nimesikia zinataka kutupwa nyumba ikikarabatiwa. Nakuomba, zisitupwe. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Kila moja iwe na karatasi yake, mbali na jua. Zikiwa na vumbi, kitambaa laini chenye maji kidogo kinatosha, karatasi ya katikati isilowe, na spiriti kamwe, hata akija muuguzi na kuwaambia ndiyo. Nikija likizo naja na sindano ya mara 78 na pete mbili za feraiti mkobani. Na mtu atakayekuwa anayajua maneno, akae karibu.

Saa ya kujiandaa imefika, gari la zamu halingoji. Nisalimieni wote, na shangazi mwambieni dawa ya presha ni kila siku, si siku anayojisikia tu!